Koo la Mucyo

Kwa mwaka mzima sikuruhusiwa kumbeba mjukuu wangu mgongoni. Kumlisha niliruhusiwa, mradi mtu ananitazama. Kumfulia nguo zilizoloa usaha wa masikio niliruhusiwa sana, hata hakuna aliyenitazama. Ila kumfunga kwa kitenge na kutoka naye nje ya ua, hapana. Sheria hiyo iliwekwa na mkwe wangu Vestine, mama wa mtoto, na mwanangu Théoneste akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia kila kitu tangu azaliwe.

Kosa langu lilijulikana mtaa mzima. Mucyo alipokaribia kutambaa alishikwa na kikohozi kisichoisha, kikohozi cha kutapisha. Hapa Gisenyi, kama kule Karagwe tulikokaa ukimbizini nusu ya maisha yangu, mtoto akikohoa hivyo watu husema ana kimeo: kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa koo kimerefuka, kinamtekenya, kikatwe. Vestine alikuwa ng'ambo ya mpaka, Goma, kwenye biashara yake ya viazi. Sikumngoja. Nilimpeleka mtoto Kanzenze kwa Nyiramana, mwanamke aliyekata vimeo vya nusu ya watoto wa upande ule, nikamshika kichwa mimi mwenyewe. Nyiramana alikata, akaniwekea kile kinyama juu ya jani la mgomba nikione. Kilikuwa kimoja, kidogo kama punje ya harage. Naeleza hilo kwa sababu baadaye nililieleza mara nyingi mno, na hakuna aliyenisikiliza.

Ndiyo, ulikuwa ujinga. Nimekwisha kusema, nisirudishwe hapo tena.

Kikohozi hakikwisha. Mtoto alishikwa na kichomi, tukamkimbiza zahanati moja ya mtaani, na mganga wa pale akamulika koo lake kwa tochi. Alitazama muda mrefu. Kisha akamwita Vestine naye atazame. Mafindofindo hayakuwepo. Kama hujawahi kujitazama kooni kwenye kioo, mafindofindo ni vile vinundu viwili vya pembeni, kulia na kushoto, vinavyovimba mtu akiumwa koo. Kila mtu anavyo. Mucyo hakuwa navyo, pembeni mwa koo lake palikuwa laini kama ndani ya shavu. Mganga akasema huyo mkata kimeo amefyeka kila kitu, amewaondoa walinzi wa mtoto, na sasa kila ugonjwa utaingia bila hodi. Akaongeza, huku akinitazama mimi, kwamba vikongwe ndio wanaomaliza watoto wa nchi hii.

Tangu hapo kila kitu kilikuwa changu. Masikio yakitoa usaha, ni mimi. Akiharisha wiki nzima, ni mimi. Kichomi kikirudi, na kilirudi kila mvua, Vestine hakusema neno. Alimchukua tu mtoto kutoka mikononi mwangu, akatoka. Nilijitetea mwanzoni. Niliapa kwa Mungu kwamba kilichokatwa kilikuwa kimoja tu. Théoneste aliniambia niache, kwamba nimechoka na macho yangu si ya zamani.

Kuchoka, alisema kweli. Mwaka ule nani hakuchoka? Ilikuwa 1999. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ambayo sina haja ya kuisimulia. Barabara ya kwenda Bugeshi, nyumbani kwao Vestine chini ya volkano, ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kupitika bila mtu kuandika wosia. Watu walikaa barazani hawasemi, si kwa hasira, kwa uchovu tu. Ukimsalimu mtu asubuhi ungedhani unamwomba abebe gunia. Na mimi, juu ya uchovu wa wote, nilikuwa na wangu wa kuamka kila siku nikiwa mharibifu.

Kisha akaja daktari Mukundwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyezaliwa Bukavu na kusomea Ubelgiji, na alikuwa amekuja kufanya kazi hospitali yetu kwa muda. Alimwona Mucyo wakati wa kichomi kimoja, akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza, akamtoa damu na kuituma Ulaya na mwenzake aliyekuwa akirudi. Alisema majibu yatachukua muda na mama wa mtoto aje mwenyewe kuyapokea.

Lakini siku mtoto alipopandwa na homa tena, Vestine alikuwa Goma na mpaka ulikuwa umefungwa tangu asubuhi, kwa sababu wanazozijua wenye bunduki. Théoneste, ambaye ni fundi wa injini za boti, alikuwa Kibuye. Nikabaki mimi na sheria yao. Nilimshika Mucyo mkono, maana mgongoni hairuhusiwi, tukaenda hivyo kwa miguu, anakohoa hatua kwa hatua, na aliposhindwa kabisa nikamkumbatia kifuani. Kifuani hawakuwa wamekataza.

Daktari alimpa mtoto dawa ya homa kwanza, akamlaza. Kisha akaniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia. Alifikiri kidogo, akafunga mlango, akasema majibu yameshafika na hana uhakika yeye mwenyewe atakuwa hapa kwa muda gani, basi ataniambia mimi, na mimi nimwambie mama aje.

Nikamwambia asijisumbue, najua tayari, nimemharibu mtoto koo. Nilitaka tumalize haraka.

"Nani alikuambia vile?" akauliza. "Mama, hakuna mutu alikata mafindofindo ya huyu mutoto. Hakuzaliwa nayo."

Nilimwomba aseme tena. Akasema tena.

Halafu akanieleza, na nitajitahidi kueleza kama nilivyoelewa. Ndani ya mifupa yetu, kwenye uboho, seli za damu huzaliwa kila siku. Baadhi yake huitwa seli B, na zikikua kazi yake ni kutengeneza kingamwili, ndizo silaha ambazo damu inazitumia kupigana na kikohozi na kichomi na usaha. Lakini seli B changa haiishi kwa sababu tu imezaliwa. Lazima iambiwe iishi. Seli zilizo jirani yake huachilia chembe ndogo ndogo za kupeleka habari. Chembe hizo zinafika kwenye ngozi ya seli changa, zinaigusa, na kule ndani kuna wapokezi wanaopokezana lile neno kutoka mlangoni mpaka katikati. Neno lenyewe ni fupi: baki, kua. Seli isiposikia neno hilo, inajifia yenyewe.

Nikamuuliza nani anaiua. Akasema hakuna anayeiua. Hakuna adui, hakuna sumu. Inakufa kwa kutoambiwa iishi.

Jibu hilo lilinikaa vibaya. Nimeona watu wa namna hiyo, wengi, miaka ile.

Kwa Mucyo, alisema, chembe za habari zinafika. Majirani wanapiga hodi usiku na mchana. Ila mmoja wa wapokezi wa ndani, aliye karibu kabisa na mlango, hayupo, amezaliwa bila huyo. Neno linafika kizingitini na kuishia hapo. Basi seli zake B zinakufa zingali changa, zote, kila siku, na hana kingamwili za kwake hata kidogo. Na mafindofindo ni nyumba ya seli hizo hizo. Kwa kuwa wapangaji hawakuja, nyumba haikujengwa.

Nikauliza mbona miezi ya kwanza alikuwa mnene, akicheka, mashavu yamemjaa. Akasema miezi ile alikuwa akitumia akiba aliyopewa na mama yake tumboni. Ikaisha, na kikohozi kikaanza. Kumbe kikohozi kilichonipeleka Kanzenze kilikuwa tayari ndio ugonjwa wenyewe. Kanzenze haikuleta kitu.

"Ila kile kisu," daktari akasema, akinitazama juu ya miwani, "mutoto hana kinga, na mnamukata na kisu ya kukatia mboga. Mlikuwa na bahati sana." Nilimeza hilo. Lilikuwa haki yake kulisema, na haki yangu kulimeza.

Kisha akaniuliza kama mama wa mtoto ana kaka.

Nilijibu bila kufikiri. Alikuwa nao watatu. Wote walizikwa wadogo kule Bugeshi, kabla ya umri wa shule. Mabinti ndio waliobaki. Daktari aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuta mlango mahali alipoutarajia. Akasema ugonjwa huu hupitia kwa akina mama na kuwashika watoto wa kiume. Mama mwenyewe haugui, anaubeba tu bila kujua. Nisimlaumu, hakuchagua, kama asivyochagua rangi ya macho yake. Na kuhusu watoto wengine watakaokuja, hilo angependa kulizungumza na mama huyo wakiwa wawili.

Tiba ya kuponya hakuna. Kuna kingamwili za kuazima, zinazotolewa kwenye damu za watu wazima, achomwe sindano kila baada ya wiki chache maisha yake yote. Gisenyi hazikuwepo. Masista wa zahanati moja ya Goma walikuwa wanaletewa kidogo kidogo, na daktari alikwisha kuwaandikia. Zikae kwenye baridi, zivushwe mpaka upesi, zisikose. Mtoto akikosa, akiba inaisha kama ilivyoisha ile ya kwanza.

Nilipotoka pale nilikuwa na furaha. Mungu anisamehe. Mtoto ana ugonjwa usiopona, nimembeba kifuani amelala kwa dawa, na mimi natembea kando ya ziwa nimefurahi. Mwaka mzima! Nilikuwa napanga maneno. Nitaanza na Théoneste: macho yangu si ya zamani, ehe? Nitakwenda kwa yule mganga wa tochi. Na Vestine nitamkalisha kwenye kile kigoda chake, nimwambie polepole, neno moja moja, kwamba kilichomharibu mtoto kimetoka kwao. Nilirudia maneno hayo mpaka nilipofika kwenye ua wetu, na nikawa nayatamka kwa sauti, maana wauza samaki niliopishana nao waligeuka.

Uani nilimkuta shemeji yangu Nsengiyumva amekaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu. Huyu ni mdogo wake, mkubwa wa ukoo sasa, anaishi Kanzenze na hapendi kushuka mjini pasipo sababu. Sababu alikuwa nayo. Alikuwa amekutana na mtu wa Bugeshi sokoni, na mtu huyo akamsimulia habari za nyumba ya kina Vestine, jinsi Nyirasafari, mama yake, alivyozika wavulana watatu mfululizo na majirani wakajua ni nyumba ya sumu. Nyumba inayokula wanaume, ndivyo alivyosema. Na sasa imeshaanza kula wa kwetu.

Alisema hana ugomvi na mtu. Jumapili baada ya misa ataleta wazee wengine wawili, tutakaa, na Vestine atarudishwa kwao. Mtoto atabaki, mtoto ni wetu. Alikuwa amekwisha kuzungumza na Théoneste kabla hajaenda Kibuye.

Nikauliza Théoneste alisema nini. Hakusema kitu, shemeji akajibu. Nilijua. Aliitikia kwa kichwa.

"Nilitaka kitu kimoja tu cha kushikilia," Nsengiyumva akasema. "Habari ya sokoni haitoshi kumfukuza mtu. Wewe unakaa naye. Hujaona kitu?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake na mtoto kifuani, na kile kitu alichokitafuta kilikuwa mdomoni mwangu, bado kina joto. Daktari mwenyewe, mwenye shahada za Ulaya: unatoka kwa mama, unawashika wavulana. Nani angesubiri kusikia habari ya seli na wapokezi? Angesikia hayo mawili tu, na yangemtosha.

Nikamwambia sijaona kitu, mtoto ana homa, anipishe.

Vestine alirudi jioni, mpaka ulipofunguliwa, miguu imejaa vumbi jeusi la lava la Goma. Alimkuta mtoto analala, akamshika paji la uso, akanishukuru kwa shingo upande kwa kumpeleka hospitali. Nilimfuata jikoni. Yale maneno yangu ya polepole, neno moja moja, yalikuwa yamenipotea. Nilimweleza hovyo hovyo: mafindofindo hayakukatwa, hakuzaliwa nayo, neno linafika mlangoni halipokelewi, ugonjwa unatoka kwa mama, unawashika wavulana.

Hakushtuka. Alikuwa akichagua mchele, na vidole vyake viliendelea kuchagua.

"Mi nilijua, mama," akasema.

Nikamuuliza alijua nini.

"Habari ya mifupa na nini, hapana. Lakini ile ugonjwa mi nilijua. Bandugu yangu batatu, bote balianzaka vile vile. Masikio kutoka usaha, kukohoa, kukonda. Mucyo alipotoka usaha mara ya kwanza, nilijua iko ile ile." Akaweka sinia chini. "Halafu yule mganga akasema ni we, na kirimi yako, ile kimeo ulikatisha. Mi nikanyamaza. We uko mama ya Théo, hakuna mutu anaweza kukufukuza. Mi, wakijua, wananirudisha Bugeshi kesho, na mutoto anabaki, na anakufa."

Nilitoka jikoni. Nilikaa nyuma ya nyumba kwenye jiwe la kufulia nguo, nikalia kwa hasira, kilio cha mtu mzima kisicho na machozi mengi. Alijua. Kila alipomchukua mtoto mikononi mwangu bila neno, alijua. Kila nilipoapa kwa Mungu kwamba kinyama kilikuwa kimoja, alikuwa amekaa pale pale, anajua ninasema kweli, anakunja nguo. Wazee husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangu ulikuwa usufi kwake kwa mwaka mzima.

Sikusema naye Ijumaa yote, wala Jumamosi. Nilimsemesha kuku zaidi yake. Yeye alikwenda hospitali, akazungumza na daktari mlango umefungwa, akarudi macho yamemvimba. Halafu akavuka kwenda kwa masista na kurudi na dawa ya kwanza ndani ya chupa ya chai, imezungukwa na barafu ya wauza samaki, chini ya ndoo ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, maana askari wa mpakani hawapendi kuingiza mkono kwenye samaki. Nilimwona akimshika Mucyo wakati muuguzi wa jirani anamchoma. Alimwimbia. Kisha akaanza kukunja nguo zake na kuzipanga kwenye fuko moja, bila kuficha. Alijua Jumapili inakuja, mtu alikuwa amekwisha kumwambia.

Nilitazama lile fuko. Nilijaribu kufikiria ni nani atakayevuka mpaka kila baada ya wiki chache na chupa ya chai chini ya sambaza. Théoneste? Angefika kwenye kizuizi, askari angemwambia rudi, naye angeitikia kwa kichwa. Mimi na magoti haya? Shemeji Nsengiyumva? Nilicheka peke yangu, si kwa furaha.

Jumapili walikuja. Wazee watatu, benchi mbili, urwagwa wa ndizi kwenye kibuyu, mirija. Théoneste alikuwa amerudi, akakaa pembeni akitazama viatu vyake. Vestine alikaa chini kwenye mkeka na Mucyo mapajani. Mtoto hakukohoa asubuhi ile, nakumbuka.

Nsengiyumva alizungumza vizuri. Sitamsingizia, ni mtu anayejua kuzungumza. Alitaja ukoo, alitaja marehemu, alitaja tulivyopungua, na jinsi mtoto wa kiume alivyo wa thamani kwa watu waliopungua. Akafika Bugeshi, akafika kwa wavulana watatu. Akamgeukia Vestine na kumuuliza kama ni kweli au ni uongo kwamba ndugu zake walikufa. Vestine akasema ni kweli. Akamuuliza walikufa na nini. Vestine akafungua mdomo, na nikaona kwamba atasema. Naye alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka sana husema ukweli kwa sababu uongo una kazi zaidi.

Nikasimama. Magoti yangu yalilia kama mlango.

"Aliyeharibu koo la mtoto ni mimi," nikasema. "Daktari amelitazama. Mnataka nini Bugeshi? Nilimpeleka Kanzenze, kijijini kwako, shemeji, kwa Nyiramana unayemfahamu, mama yake hayupo, bila ruhusa. Nilimshika kichwa. Wavulana wa Bugeshi walikufa na yao. Huyu ni mimi."

Nilisema uongo huo mbele ya watu wanaonifahamu tangu nikiwa bibi harusi, na ulitoka laini kuliko ukweli niliouapia mwaka mzima. Ndiyo ajabu ya watu. Walikuwa wamekwisha kuuamini kabla sijausema.

Mzee mmoja alivuta pombe kwenye mrija. Nsengiyumva alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi, lakini ni mtu wa haki kwa namna yake, na haki ilimtaka aendelee. Akasema kama ni hivyo, basi mwanamke huyu hana kosa, abaki. Lakini aliyeharibu hawezi kuachwa karibu na alichokiharibu. Mimi nitahamia Kanzenze, kwenye ua wake, nikaishi huko na wake za wanawe. Kesho atatuma mtu kuja kubeba godoro langu.

Vestine alikuwa amesema hakuna mtu anayeweza kunifukuza. Mimi pia niliamini hivyo. Nilimtazama Théoneste. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kushuka, kuitikia, na nilihisi uchungu ambao sina neno lake, maana yule nilimzaa mimi.

Ndipo Vestine aliponyanyuka kwenye mkeka. Sikutegemea. Alimweka Mucyo kiunoni, akaingia ndani, akatoka na kitenge. Nilikifahamu kitenge kile, cha njano chenye ndege, ndicho nilichombebea kwenda Kanzenze, na ndicho alichoninyang'anya siku ya tochi. Sikuwa nimekiona tangu siku hiyo. Akaja mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Inama, mama," akasema.

Niliinama. Alimpandisha mtoto mgongoni mwangu mbele ya wazee watatu, akampanga miguu, akazungusha kitenge, akafunga fundo juu ya kifua changu na kulivuta mara mbili kulijaribu, kama afanyavyo na magunia yake ya viazi.

Nsengiyumva alimuuliza kama ana akili. Huyu ndiye aliyemharibu mwanao, na unampa?

"Ni mi mama ya mutoto," Vestine akasema. "Aliyekosewa ni mi, na mi nimesamehe. Nikienda Goma kuleta dawa, mutoto anabaki na nani? Anabaki na huyu. Kama huyu anaenda Kanzenze, na mi ninaenda Kanzenze, na mutoto, na dawa itajivusha yenyewe."

Kwetu mtu aliyekosewa akisamehe mbele ya mashahidi, kesi imekwisha. Wazee hawawezi kudai zaidi ya anachodai mwenye jeraha. Wote watatu walilijua hilo. Théoneste ndiye aliyesema mwisho, na alitushangaza, maana alitumia mdomo. Alisema mama yake habanduki hapa. Kisha akatazama viatu vyake tena, na nikamsamehe nusu.

Ipo siku nitamweleza mwanangu ukweli wote. Labda siku ile tutakapokuwa tumemzika baba yake mdogo Nsengiyumva, kama Mungu atanipa uhai wa kutosha, na shemeji naye akifanya haraka kidogo.

Mucyo mgongoni alikuwa ameegemeza shavu kwenye uti wangu. Mwaka mzima, na hakuwa ameongezeka uzito wowote wa kusema. Nilimsikia akipumua, kale kamluzi ka kifuani ambako hakatatoka kamwe, na nikawa namsemesha kwa nyuma, maneno yale yale ya kijinga tunayowaambia watoto. Upo? Upo, baba? Baki hapo.

Nsengiyumva alikuwa anachukua fimbo yake. Alipopita mbele yangu alisimama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sioni hata aibu.

Nikamwambia naona aibu sana, nikakaza fundo.